Sanduku la Santuri: Usiuze Kabla Hujauliza

Na Mwandishi Wetu

KATIKA nyumba nyingi za mijini, juu ya kabati au chini ya kitanda cha wazee, liko sanduku moja ambalo watu hulipangusa vumbi lakini hawalifungui. Ndani yake mna santuri ndogo, zile za wimbo mmoja mmoja, ambazo zamani zilikuwa fahari ya nyumba. Gramafoni yake iliharibika siku nyingi au iliuzwa, na watoto waliozaliwa baada ya hapo hawajui hata sindano huwekwa wapi. Sanduku hilo husubiri siku moja tu: siku ambayo mwenyewe hayupo tena, na warithi wanaulizana, "Hivi navyo tuvifanyeje?"

Nyumbani kwetu Tabata siku hiyo ilifika mwaka 2023. Marehemu baba yetu alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo hapa Dar es Salaam, na tangu mwaka 1971 alikuwa akitenga sehemu ya mshahara wake kununua santuri. Baada ya arobaini tulikaa kugawana vitu vyake. Nguo zilipata wenyewe, baiskeli ikapata mwenyewe, redio ikapata mwenyewe. Likabaki sanduku la mbao lenye santuri 41, pamoja na gramafoni yake isiyozunguka.

Kaka yangu mkubwa alisema amempata mtu anayenunua santuri kuukuu. Ada ya mtoto wake ilikuwa inadaiwa, na Januari haikuwa mbali. Hakuna aliyempinga. Mimi mwenyewe, ambaye kazi yangu ni kuandika habari za watu wengine kila wiki, sikufikiri kwamba mle sandukuni mna habari yoyote.

MNUNUZI NA MAFUNGU MAWILI

Mnunuzi alikuja siku ya Jumamosi asubuhi. Alikuwa kijana mtaratibu, amebeba kitambaa cheupe na tochi ndogo. Alizitoa santuri moja moja kwenye bahasha zake, akazishika kwa ukingo bila kugusa uso wake, akaziinamisha kuelekea dirishani ili aone mikwaruzo. Kisha alisoma karatasi ya katikati, na baada yake namba ndogo zilizochorwa kwenye sehemu tupu iliyo kati ya karatasi hiyo na mwisho wa wimbo. Namba hizo huandikwa kiwandani, nazo hubaki hata karatasi ikichanika. Kwa hizo mjuzi huweza kuitambua santuri iliyopoteza jina lake.

Baada ya nusu saa aliweka mafungu mawili mezani. Mtu asiyejua angedhani atazikimbilia zile za waimbaji mashuhuri wa Ulaya na Marekani. Baba alikuwa nazo 14: Jim Reeves, ambaye sauti yake ilisikika karibu kila mtaa wa Afrika Mashariki, Skeeter Davis, na Boney M. wa mwaka 1978. Kijana yule alizisukuma kando zote. Tano nyingine zilikuwa zimepinda kwa joto au zimevunjika ukingo. Katika 22 zilizosalia, za bendi za Tanzania, Kenya na Kongo, alichagua 9. Akasema atatoa shilingi 300,000: laki moja kwa santuri moja ya bendi ya Tanga, na laki mbili kwa zile 8 nyingine.

Sote tulishangaa. Yawezekanaje santuri ya Boney M. isiwe na thamani, na ya bendi ambayo vijana wa leo hawajapata kuisikia iwe na bei ya gunia la mahindi?

Jibu lake ni jepesi. Santuri ya Boney M. yenye wimbo "Rivers of Babylon" iliuzwa takriban nakala milioni 2 katika Uingereza peke yake. Kila anayeitaka leo ataipata. Santuri ya bendi ya kwetu ilifyatuliwa kwa idadi ndogo mno kulinganisha na hiyo. Ikapigwa kwenye arusi, ikaazimwa mtaa mzima, ikaachwa juani, ikachezewa na watoto. Iliyobaki nzima ni chache. Soko la vitu kuukuu halilipi umaarufu, hulipa uhaba.

WIMBO MMOJA, NUSU MBILI

Yafaa tueleze kidogo santuri hizi zilikuwa nini hasa, kwa faida ya vijana.

Santuri zenyewe zilifika pwani yetu zamani sana. Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake. Lakini zile zilikuwa santuri nzito, za mizunguko 78 kwa dakika, zilizotengenezwa kwa utomvu wa wadudu, na zikianguka huvunjika kama sahani ya udongo. Santuri ndogo ya inchi 7, ya plastiki, inayozunguka mara 45 kwa dakika, ilitolewa mara ya kwanza na kampuni ya RCA Victor ya Marekani mwaka 1949. Ilikuwa nyepesi, haivunjiki ovyo, na mfanyakazi aliweza kununua moja siku ya mshahara bila kuvuruga posho ya nyumba.

Upungufu wake ulikuwa muda. Upande mmoja huchukua dakika tatu hadi tano hivi. Bendi zetu za dansi hazikuzoea haraka hiyo. Ukumbini wimbo mmoja uliweza kwenda dakika kumi bila mtu kurudi kitini. Basi wimbo ulikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza uliandikwa Sehemu ya 1, nao ulibeba masimulizi: waimbaji wakieleza kisa cha mapenzi, msiba, au ugumu wa maisha. Upande wa pili, Sehemu ya 2, ulibeba chemko, pale magitaa yanapojibizana na watu wanapocheza kwelikweli.

Mama yetu anasema kwamba katika arusi za miaka ile palikuwa na kijana maalumu wa kugeuza santuri. Kazi yake ilikuwa kuigeuza upesi kabla wachezaji hawajapoa. Baba ndiye aliyekuwa kijana huyo Magomeni, na mama anasema hapo ndipo alipomwona kwanza. Habari hiyo hakuna mtoto wake aliyepata kuisikia, mpaka siku ile santuri zilipokuwa mezani.

KWA NINI ZOTE ZIMETOKA KENYA?

Ukizitazama karatasi za katikati utaona jambo jingine. Bendi ni ya Morogoro, ya Tanga au ya Dar es Salaam, lakini santuri imefyatuliwa Nairobi. Sababu yake ni kwamba Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri. Bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo hizo zikatunzwa kwenye kanda kwa ajili ya kutangazwa. Bendi iliyotaka wimbo wake uuzwe dukani ilibidi itazame Kenya, ambako viwanda, studio na maduka vilikuwapo tangu miaka ya 1950. Salum Abdallah na Cuban Marimba yake ya Morogoro, kabla ya kifo chake mwaka 1965, alirekodi na kampuni ya Mzuri ya Mombasa. Mtaa wa River Road, Nairobi, ulikuwa kitovu cha biashara hiyo: watayarishaji, maduka na wanamuziki walikutana hapo.

Njia hiyo haikuwa nyepesi siku zote. Mwaka 1977, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, mpaka baina ya Tanzania na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Mbaraka Mwinshehe, aliyewapa watu wengi furaha akiwa na Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, alifariki nchini Kenya kwa ajali ya gari Januari 1979.

Kisha ikaja kaseti. Kampuni ya Philips ilikuwa imeitoa mwaka 1963, na kufikia miaka ya 1980 ilikuwa imeenea kila mtaa. Kaseti ilipigwa hata kwenye basi, na kila mtu aliweza kunakili wimbo wa mwenzake bila kulipa. Santuri haikuweza kushindana nayo. Viwanda vikapungukiwa na kazi, kisha vikafungwa. Studio nyingi za binafsi nazo zimekwisha, na si kila kanda asilia ilitunzwa. Kwa hiyo wako wanamuziki ambao kazi yao imebaki kwenye santuri hizi ndogo tu, zilizotawanyika majumbani mwa watu kama sisi.

Wageni walilijua jambo hilo mapema kuliko sisi. Wimbo "Helule Helule" wa Daudi Kabaka wa Kenya uliimbwa upya na kundi la Uingereza liitwalo The Tremeloes mwaka 1968, ukapendwa sana huko. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya London ilitoa mkusanyiko uitwao "Kenya Special", wa nyimbo za miaka ya 1970 na 1980, nyingi zikiwa za santuri ndogo ambazo kwao zilikuwa adimu. Si jambo baya nyimbo zetu kupendwa ng'ambo. Ubaya ni pale mjukuu wa mpiga gitaa anapolazimika kuagiza kutoka ng'ambo wimbo uliopigwa na babu yake.

"HII SI YETU"

Turudi mezani kwetu Tabata. Kaka alikuwa amekwisha kubali bei. Mnunuzi alikuwa akihesabu fedha. Mama, aliyekuwa amekaa kimya kwenye mkeka muda wote, aliomba aione ile santuri ya laki moja. Akaisogeza karibu na macho yake, akasema, "Hii si yetu."

Juu ya karatasi ya katikati kulikuwa na maandishi ya kalamu ya wino, yaliyofifia: jina la mtu na namba ya nyumba ya Magomeni. Zamani kila mwenye santuri aliandika jina lake namna hiyo, maana santuri zilikuwa zikiazimwa kama masufuria ya shughuli. Mama alieleza kwamba mwaka 1978, katika arusi ya shangazi yetu, baba aliazima santuri tatu kwa jirani. Mbili zilirudi. Ya tatu ilichanganyika na za kwetu, na ilipoonekana jirani alikuwa amekwisha hamia Mbagala. Baba kila mwezi alisema, "Kesho nitampelekea."

"Siku ya mazishi tulitangaza kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze," mama alisema. "Huyu hakusikia. Baba yenu ameondoka na deni hili. Msiliuze."

Kaka alijibu kwa sauti ya chini, "Mama, ni laki moja hiyo."

"Na ingekuwa ya shilingi moja ingekuwa yake vilevile."

Hapo mazungumzo yalibadilika. Mama aliomba zile 8 nyingine, akaelezwa majina yake moja moja. Mbili alizizuia, bila kutoa sababu, na hakuna aliyemwuliza. Zile 6 alikubali ziuzwe, kwa sharti kwamba mnunuzi azifuate baada ya wiki mbili, ili kwanza zisikilizwe. Kijana yule, kwa sifa yake, alikubali. Alilipa shilingi 150,000, na fedha iliyopungua katika ada tulichanga sisi ndugu wengine.

Katika wiki mbili hizo tulimwita fundi aitazame gramafoni. Ugonjwa wake ulikuwa mdogo: mkanda wa mpira ulikuwa umelegea, na sindano ilikuwa imekwisha. Tulizipiga santuri zote 6, na wimbo wake tukaunakili kwenye kompyuta. Karatasi zote mbili za kila santuri tulizipiga picha. Mama alisimulia, mimi nikaandika: ilinunuliwa wapi, ilipigwa kwenye shughuli ya nani, nani aliipenda. Nimefanya kazi ya kuandika kwa miaka zaidi ya kumi, lakini daftari hilo ndilo ninalolitunza kuliko mengine.

KUZITUNZA

Wasomaji wengi huenda wakapenda kujua namna ya kuzitunza santuri walizonazo. Si kazi ya gharama.

Kwanza, zisimamishwe wima kama vitabu, zisilazwe moja juu ya nyingine, maana uzito huzipinda. Ziwekwe mbali na jua, na mbali na paa la bati. Joto ndilo adui mkubwa wa plastiki yake. Zishikwe kwa ukingo na karatasi ya katikati tu, kwa sababu mafuta ya vidole hukamata vumbi, na vumbi ndilo linalosababisha ile sauti ya kukwaruza.

Iliyochafuka huoshwa kwa maji safi yasiyo na chumvi na matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo, kwa kitambaa laini kinachofuata mzunguko wa mitaro, wala si kwa kukata mitaro hiyo. Maji ya kisima ya Dar es Salaam hayafai, kwa kuwa chumvi yake huacha ukoko. Karatasi ya katikati isiloweshwe. Na kwa wenye zile santuri nzito za mizunguko 78, wasitumie spiriti kabisa. Huyeyusha utomvu uliozitengeneza.

Mwisho, usipige santuri ya thamani kwa sindano kuukuu. Sindano iliyokwisha huchimba mtaro, na sauti iliyochimbwa hairudi.

Lakini juu ya hayo yote liko tunzo moja lisilohitaji maji wala kitambaa, nalo ni kuuliza. Anayenunua santuri kuukuu kwa mapenzi ya kweli huuliza ilikuwa ya nani. Anayeuza naye ni wajibu wake kujiuliza hivyo hivyo. Sisemi kwamba kila sanduku libaki ndani milele. Nyumba zina shida zake, ada hazisubiri, na santuri iliyo mikononi mwa mtu anayeipenda ni afadhali kuliko iliyo chini ya kitanda ikipinda. Lakini ukiiuza kabla hujaisikiliza, na kabla hujawauliza wazee, hujui umeuza nini.

MBAGALA

Ilituchukua miezi miwili kumpata mwenye santuri. Majirani wa zamani wa Magomeni walituelekeza Mbagala, na huko tuliambiwa kwamba mzee mwenyewe alikuwa amekwisha fariki. Tulimkuta binti yake, mama wa makamo anayeuza vitenge. Tulipomwonyesha karatasi ya katikati hakusema neno. Aliketi, akaupitisha mkono wake juu ya maandishi bila kuyagusa.

Baadaye alitueleza kwamba baba yake alikuwa na santuri nyingi kuliko zetu. Mvua moja kubwa iliingiza maji ndani ya nyumba, na baada ya mafuriko zilitupwa pamoja na magodoro. Kwa hiyo mwandiko ule wa wino juu ya santuri aliyoiazima baba yetu ndio mwandiko wa baba yake uliobaki. Kaka yangu, aliyekuja nami siku hiyo, aliitoa santuri kwenye bahasha kwa mikono miwili akamkabidhi. Akamwomba radhi kwa niaba ya marehemu, kwa kuchelewa miaka 45. Yule dada alimsamehe baba yetu hapo hapo, kwa jina, mbele yetu.

Hana gramafoni. Siku ya Jumapili iliyofuata alikuja Tabata pamoja na mjukuu wake, santuri ameifunga kati ya vipande viwili vya katoni. Tukaipiga upande wa kwanza, kisha kaka akaigeuza, tukapiga upande wa pili. Mama na mgeni wake walikuwa wakiyajua maneno yote. Mtoto aliuliza kwa nini wimbo umekatika katikati, akaelezwa.

Santuri ilirudi Mbagala jioni ile, maana ni yake. Huja nayo mara kwa mara.

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwenu liko sanduku kama hilo, na mwenyewe angali hai, lifungueni naye wiki hii, aeleze mwenyewe. Sisi tulikuwa na miaka mingi ya kumwuliza baba, na hatukumwuliza hata mara moja.